Darcey Bussell kwenye meza ya majaji

Usiku wa tarehe 8 Juni 2007, Darcey Bussell alicheza kwa mara ya mwisho akiwa mwanabaleti wa Royal Ballet, kundi la baleti la Uingereza, kwenye jukwaa la Royal Opera House pale Covent Garden, London. Alikuwa na umri wa miaka 38. BBC Two walirusha onyesho hilo moja kwa moja, kwa hiyo aliyekosa kiti alikaa sebuleni kwake na kuona yote, pamoja na machozi na maua ya mwishoni.

Kazi aliyoagia ni Song of the Earth ya mtunzi wa baleti Kenneth MacMillan, na uchaguzi wenyewe unasema mengi. Mcheza wa hadhi yake angeweza kuaga na taji kichwani na sketi ya matabaka, kwenye hadithi ya binti mfalme ambayo kila mtu anaijua. Hii haina hata kimoja kati ya hivyo. MacMillan aliitunga mwaka 1965 juu ya nyimbo sita za Gustav Mahler, tena akaipeleka kwanza Stuttgart, Ujerumani, kwa sababu wakubwa wa Covent Garden waliona muziki wa Mahler si wa kuchezewa. Wahusika wakuu ni watatu tu: mwanamke, mwanamume, na mjumbe wa mauti. Usiku ule Gary Avis alikuwa mwanamume na Carlos Acosta alikuwa mjumbe. Wimbo wa mwisho, wa kuagana, unakaribia nusu saa, na humo mauti hayaji kama adui. Mjumbe anamchukua mtu, kisha anamrudisha akiwa amebadilika, na pazia linaposhuka wote watatu wanasogea mbele kwa hatua za polepole huku mwimbaji akirudia neno moja: milele, milele.

Nimeanza na usiku huo kwa sababu kisa cha Bussell husimuliwa kana kwamba kina nusu mbili zisizojuana. Nusu ya kwanza ni baleti, sanaa ya watu wenye subira na tiketi ghali. Ya pili ni runinga ya Jumamosi jioni, ambako watu mashuhuri wanajaribu kucheza cha-cha na jaji anainua kibao chenye namba. Wanaopenda baleti husema alishuka kutoka juu, nao wanaopenda runinga husema hatimaye alikuja kwa wananchi. Kwangu mimi kauli zote mbili zimekosa shabaha. Kuaga kwake baleti kulikuwa kipindi cha runinga tayari, na alichokifanya miaka 7 kwenye meza ya majaji wa Strictly Come Dancing, shindano la densi la BBC, alikichota darasani kwenye baleti, uzuri wake na udhaifu wake.

Bussell alizaliwa London mwaka 1969. Alipofika miaka 13 aliingia White Lodge, shule ya bweni ya Royal Ballet iliyomo ndani ya bustani ya Richmond. Umri huo kwa baleti ni wa kuchelewa, maana wenzake wengi walikuwa wameanza pale wakiwa na miaka 11. Alikuwa mrefu pia, na mcheza mrefu akipanda juu ya ncha za viatu anaweza kumpita mwenzake wa kiume, kwa hiyo kumpatia mwenza ni kazi. Mwaka 1987 aliajiriwa na Sadler's Wells Royal Ballet, kundi dada lililozunguka mikoani. Huko ndiko MacMillan alikomwona, akamvuta Covent Garden ili amtungie nafasi kuu katika The Prince of the Pagodas, juu ya muziki wa Benjamin Britten. Onyesho lilifunguliwa tarehe 7 Desemba 1989, na hapohapo akapandishwa kuwa mcheza mkuu, akiwa na miaka 20. Katika baleti kuna ngazi za kupanda moja baada ya nyingine, na wengi hustaafu bila kuziona za juu. Yeye aliruka.

Kwa hiyo alikaa kileleni karibu miaka 18, na miaka hiyo yote haikuwa mbali na kamera. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alitokea kwenye kichekesho cha BBC kiitwacho The Vicar of Dibley. Dawn French, mwigizaji mnene mwenye uso wa kuchekesha, anasimama upande mmoja wa fremu, Bussell upande wa pili, wote wamevaa mavazi ya baleti, na kila mmoja anajifanya kioo cha mwenziwe. Bussell ananyanyua mkono, French ananyanyua. Bussell anapiga mguu juu, na French anafanya anachoweza. Watu wengi Uingereza walimjua kwa mchezo huo kabla ya kumwona kwenye jumba la opera, na wengine hawakuwahi kufika kwenye jumba hilo kabisa. Jambo la kutazama hapo ni kwamba yeye hachezi kwa mzaha hata kidogo. Anacheza kikamilifu, shingo imenyooka na vidole vimekamilika, na kicheko kinatoka kwenye ukamilifu huo. Mcheza mwingine angelegeza kidogo ili amkaribie mwenzake, na kichekesho kingekufa.

Kisha mwili. Mcheza baleti huanza kila siku ya kazi na darasa, hata akiwa nyota. Anashika ufito uliofungwa ukutani, anakunja magoti polepole, ananyoosha mguu mbele, kando, nyuma, halafu upande wa pili, mpangilio uleule aliofundishwa utotoni. Nyonga zinazungushwa hadi magoti na vidole vya miguu vielekee nje, jambo ambalo mifupa haikuumbwa kulifanya kutwa nzima. Akiacha wiki chache, mwili unaanza kudai ulichokopeshwa. Bussell alikuwa ameshapata watoto wawili, na mwaka mmoja hivi kabla ya kuaga alikuwa ameacha ratiba ya kudumu na kubaki mcheza mgeni wa kundi lake mwenyewe. Aliondoka angali anaweza. Baada ya hapo familia ilihamia Sydney, Australia.

Wastaafu wa baleti wanazo njia chache zinazojulikana. Kuna kufundisha. Kuna kusimamia mazoezi ya kazi za zamani, maana baleti hurithishwa kwa mwili: aliyecheza anamwonyesha anayekuja, na maandishi ya alama za hatua yaliyopo, kama yale ya Benesh yanayotumiwa na Royal Ballet, husaidia lakini hayatoshi. Kuna kuongoza kundi. Na kuna wanaofunga mlango, wasitake hata kusikia muziki. Bussell hakufuata hata moja kati ya hizo kwa ukamilifu. Mwaka 2009 alialikwa kuwa jaji mgeni katika wiki za mwisho za Strictly Come Dancing, shindano lililoanza 2004 ambapo mtu mashuhuri asiyejua kucheza anafungwa nira moja na mtaalamu wa dansi za ukumbini, zile za wawili wawili kama waltz. Katika msimu huohuo aliinuka mezani akacheza jive, densi ya haraka ya mateke, na Ian Waite, mmoja wa wataalamu warefu wa kipindi. Anayependa kujua kama mapenzi yake kwa densi yalipungua aitafute jive hiyo. Mtu aliyefundishwa miaka mingi kwamba uzito uko juu, hewani, anapiga mateke ya chini chini kwa magoti laini, na anafurahi kama mtoto aliyeruhusiwa kutoka darasani.

Mwaka 2012 ndio uliounganisha yote. Familia ilirudi London, na akachukua kiti cha Alesha Dixon kwenye meza ya majaji kwa kudumu. Tarehe 12 Agosti, katika kufunga michezo ya Olimpiki, alishuka kutoka juu ya uwanja akiwa ndege wa moto, akapokelewa na wanaume wanne wa Royal Ballet na wachezaji zaidi ya 200 waliojaa uwanjani huku mwenge ukizimwa. Mwaka huohuo akawa rais wa Royal Academy of Dance, chuo ambacho mitihani yake hufanywa hata Nairobi, kwa watoto waliovaa soksi nyeupe na nywele zimebanwa kisogoni. Mzazi wa Kenya aliyelipia mtihani huo huenda hajawahi kuliona jina la Bussell.

Urais huo nautaja kwa makusudi. Kati ya 1954 na 1991 kiti hicho kilikaliwa na Margot Fonteyn, mcheza maarufu kuliko wote ambao Uingereza imewatoa. Naye alikuwa mtu wa runinga. Mwaka 1955 alicheza The Sleeping Beauty moja kwa moja kwenye NBC ya Marekani, na mwaka 1979 BBC walimpa vipindi sita vya The Magic of Dance, ambamo alitembea duniani akieleza densi ya kila aina bila kuidharau hata moja. Moira Shearer, mwanabaleti mwingine wa kizazi hicho, aliendesha shindano la nyimbo la Eurovision kutoka Edinburgh mwaka 1972. Basi anayesema Bussell alivunja mwiko kwa kwenda kwenye runinga aulizwe mwiko huo uliwekwa lini na nani.

Tuingie mezani sasa, maana hapo ndipo penye mjadala wenyewe. Majaji walikuwa wanne. Len Goodman, mzee wa dansi za ukumbini aliyewahi kuwa fundi wa kuchomelea bandarini, alitazama hatua za asili. Craig Revel Horwood alitoa alama za chini na kuzomewa kila wiki, nadhani kwa furaha yake mwenyewe. Bruno Tonioli alisimama, akakaa, akasimama tena. Bussell alikaa katikati yao na kuzungumzia mambo ambayo wengine waliyapita: mkono uliokatikia kwenye kifundo badala ya kuisha kwenye ncha ya kidole, mabega yaliyopanda kwa woga, mchezaji aliyesahau kupumua akakaza shingo. Hilo ni jicho la darasa la baleti. Miaka mingi mbele ya kioo inamfundisha mtu kuona mstari mmoja unaotoka kisiginoni hadi mkononi, na kuona palipovunjika.

Jicho hilo lilikuwa na upofu wake pia, na hapa wakosoaji wana hoja. Katika waltz mtu anatembea kwa miguu sambamba, kisigino kinagusa sakafu kwanza akienda mbele, na wawili wanashikana kwa karibu kama mwili mmoja wenye miguu minne. Katika baleti karibu kila kitu hapo ni kinyume. Kwa hiyo mchezaji mwenye mikono mizuri na miguu mibovu ya ukumbini aliweza kupata kwake alama ambayo Goodman asingeitoa. Vilevile watazamaji walimcheka kwa kujaza sentensi na “yah” kila alipokosa neno. Kejeli hiyo ilikuwa rahisi mno. Mtu aliyetumia utu uzima wake wote akisema kwa mwili anapewa sekunde chache za kusema kwa kinywa, mbele ya ukumbi unaopiga kelele, na kosa kubwa linaloonekana ni “yah”.

Shutuma nzito zaidi ilikuwa kwamba ni mpole kupita kiasi, anasifu, anatafuta neno la kumfuta mtu machozi, na anatoa 8 kati ya 10 panapostahili 6. Ni kweli. Wengi waliieleza kwa tabia yake, kwamba ni mtu mwema. Maelezo hayo hayanitoshi, kwa sababu watu wanaofika ngazi yake katika baleti si watu wa kujihurumia wala kuhurumiwa. Nadhani sababu ni desturi ya kazi. Katika baleti makosa husemwa, tena kwa ukali, lakini husemwa ndani. Msimamizi wa mazoezi anakaa gizani na daftari wakati wa onyesho, na kesho yake chumbani, mlango umefungwa, anamwambia kila mtu: mguu wako wa kushoto ulichelewa, kichwa kiliangalia chini, rudia. Mbele ya hadhira hakuna anayesahihishwa. Mbele ya hadhira kuna kuinama, maua na makofi, hata kwa aliyeanguka. Runinga inataka kinyume chake: sahihisho litolewe hadharani, mchezaji angali anahema, jasho linamtoka, mwenza wake amemshika mkono. Horwood alikubali masharti hayo akayageuza mchezo. Bussell aliyakubali nusunusu, na nusu aliyoikataa ndiyo iliyoitwa upole.

Hapa Afrika Mashariki tunaujua ugomvi huu. Waliokuwa wakifuatilia Sakata, shindano la densi kwenye runinga ya Citizen ya Kenya, wanakumbuka jinsi kundi la mtaani lilivyoshangiliwa na ukumbi mzima, kisha jaji akasema hapakuwa na ulinganifu, na sebule zote zikaamua jaji hana macho. Mara nyingi jaji na sebule huwa wametazama vitu viwili tofauti. Jaji anamwona mchezaji mzima, kutoka utosini hadi unyayoni, dakika yote na nusu. Aliye nyumbani anaona alichochaguliwa na kamera. Mwongozaji akipenda uso, miguu inatoweka. Akipenda kuzungusha kamera juu kwa juu, mzunguko wa mchezaji unapotea ndani ya mzunguko wa kamera, na huwezi tena kujua ni nani aliyezunguka.

Bussell alilijua tatizo hilo kabla ya kukaa mezani. Mwaka 2011 alitengeneza kipindi cha Darcey Bussell Dances Hollywood, ambamo alijifunza na kucheza upya densi za filamu za zamani, pamoja na zile za Fred Astaire, mcheza na mwigizaji wa Hollywood. Astaire alikuwa na sharti maarufu: kamera imwonyeshe mwili mzima, na densi isikatwekatwe. Kamera ikae na kutazama, yeye atafanya kazi. Ukitazama densi zake leo unaelewa mara moja kwa nini, kwa sababu unaona hatua inavyozaliwa kutoka kwenye hatua iliyotangulia. Usiku ule wa 2007 waliorusha Song of the Earth walilazimika kuamua jambo hilohilo, maana katika wimbo wa mwisho mwanamke anacheza pembeni akiwa peke yake wakati kiini cha hadithi kiko pia kwa wanaume walio mbali naye. Ukimkaribia mmoja umempoteza mwingine. Mimi ningeweka kamera nyuma, niiache huko. Watu wa runinga huogopa picha isiyosogea, na hofu hiyo imeiumiza densi kuliko ushamba wa majaji.

Kazi yake ya runinga ninayoithamini zaidi ni vipindi vya pembeni, vile ambavyo havikuwa na kura wala vibao. Mwaka 2016 alimfuatilia Margot Fonteyn hadi kwenye sehemu za maisha yake zisizong'aa. Mwaka 2018, mwaka aliopewa cheo cha heshima cha Dame, alitengeneza kipindi kuhusu densi na afya ya akili. Alikuwa ameanzisha pia DDMIX, mpango wa kupeleka densi za mataifa mbalimbali mashuleni, kwa watoto ambao hawatakuwa wanabaleti wala hawahitaji kuwa. Kwenye kazi hizi yule aliyelaumiwa kwa kukosa maneno hana shida yoyote ya maneno. Anauliza swali fupi, ananyamaza, anaangalia. Pengine alihitaji tu muda zaidi ya sekunde 20.

Aprili 2019 alitangaza kwamba anaondoka Strictly baada ya misimu 7, na kiti chake kikachukuliwa na Motsi Mabuse. Alisema anataka kutoa nafasi kwa shughuli nyingine za densi, na sioni sababu ya kutafuta siri nyuma ya hapo, ingawa magazeti yalitafuta.

Kuna jambo moja ambalo wanaopima alama zake hawalitaji. Royal Opera House hurusha maonyesho yake moja kwa moja kwenye majumba ya sinema, na kwa misimu kadhaa mtangazaji wa matangazo hayo alikuwa Bussell, akiongea kabla ya pazia na wakati wa mapumziko. Aliyekaa naye mara kadhaa ni Ore Oduba, mtangazaji aliyeshinda Strictly mwaka 2016. Oduba aliingia kwenye shindano akiwa hajui dansi za ukumbini, akafundishwa miezi michache na mtaalamu Joanne Clifton, akahukumiwa kila Jumamosi na huyuhuyu Bussell. Sasa amesimama naye Covent Garden, anawauliza wacheza wakuu maswali ya mtu aliyewahi kupata malengelenge kwa ajili ya densi lakini hajui jina la hata hatua moja ya baleti. Bussell anajibia palipo pagumu, anaonyesha kwa mikono, anataja alivyofundishwa yeye nafasi hiyohiyo na nani alimfundisha. Halafu taa za ukumbi zinazimwa, na wote wawili wanatoka kwenye picha ili watu watazame.